Mjusi wa Buluu na Wapenzi Wake

Katika nchi zetu mtu akisema kwamba anampenda nyoka, jamaa zake humtazama mara mbili, na wakiona hacheki, humwuliza kama usiku alilala vema. Kinyonga tulifundishwa kumkimbia tangu utoto. Mjusi wa nyumbani, mnyonge yule alaye mbu na wadudu karibu na taa, watu wa pwani walimpa jina la mjusi kafiri, na hakuna aliyemwuliza dini yake. Kobe peke yake ndiye aliyesalimika kidogo, kwa kuwa hadithi zimempa akili. Hata husemwa, ukimwona kobe ameinama, anatunga sheria.

Kwa hiyo ni vigumu kusadiki kwamba wako watu katika Ujerumani, Uholanzi, Uingereza na Marekani ambao huwaota wanyama hawa usiku na kuwataka mchana. Watu hao husoma vitabu juu yao, hulinganisha rangi zao, huweka akiba ya fedha mwezi hata mwezi, ili siku moja wapate kinyonga wa milima ya Usambara au kobe wa mawe ya Ukambani. Kabla mnyama hajafika, nyumba yake huwa tayari: sanduku la kioo, mimea ndani yake, chombo cha kunyunyiza maji kama umande, na taa ya namna ya pekee itoayo mianzi kama ya jua, maana bila mianzi hiyo mifupa ya mnyama hulegea akapinda na kufa. Nimesoma maelezo yao katika intaneti, wala sina shaka kwamba wengi wao husema kweli wasemapo kwamba wanawapenda. Swali langu ni hili: kupenda huko ni kupenda kwa namna gani, na kwampa mpenzi haki gani juu ya yule apendwaye?

Swali la namna hii likijibiwa kwa maneno matupu halifai kitu. Na tumtazame mnyama mmoja, ambaye kwao ni kwetu.

Chini ya milima ya Uluguru, katika mkoa wa Morogoro, uko msitu uitwao Kimboza. Si mkubwa. Eneo lake ni kilometa za mraba 4 hivi, nao umeota juu ya mawe ya chokaa. Humo huota mkadi. Wanawake wa pwani waujua mkadi kwa harufu ya maua yake. Huu wa Kimboza ni ndugu yake, na jina lake la kitaalamu, Pandanus rabaiensis, latokana na Rabai, karibu na Mombasa. Majani yake ni marefu, yana miiba pembeni, na mahali yanaposhikana na shina hukaa maji ya mvua kama katika vikombe. Katika vikombe hivyo ndimo akaamo mjusi mdogo, urefu wake pamoja na mkia haufiki kidole kirefu cha mtu mzima. Dume lake ni la buluu. Si buluu ya kufifia kama ya nguo iliyofuliwa sana, ila buluu kali kama ya bahari wakati wa jua la saa sita, na koo jeusi, na tumbo la rangi ya chungwa. Jike ni la kijani au la rangi ya shaba. Aghalabu katika mkadi mmoja dume mzima huwa mmoja tu, naye huulinda mti wake kama mtu alindavyo shamba.

Arthur Loveridge alimwandika katika vitabu vya elimu mwaka 1952, akamwita Lygodactylus williamsi. Baada ya hapo ilipita zaidi ya miaka 50 ambayo watu wachache sana walimkumbuka. Kisha picha zake zikaonekana Ulaya, na mambo yakabadilika. Wataalamu waliokwenda kuwahesabu walikadiria kwamba mijusi wazima walikuwa kama 150,000. Msomaji atasema hesabu hii ni kubwa. Lakini kundi moja la wakamataji, kati ya Desemba 2004 na Julai 2009, lilichukua mijusi wasiopungua 32,000. Hilo ni kundi moja tu. Na namna walivyokamatwa ilikuwa mbaya kuliko hesabu yenyewe, kwa maana mjusi huyu hukimbilia juu, katikati ya majani yenye miiba, wala mkono haumfikii. Basi wakamataji waliukata mkadi, ukaanguka, wakawaokota. Yaani walivunja nyumba ili kumpata mwenyewe, na wale waliobaki nyuma hawakuwa na mti wa kurudi.

Mwaka 2012 alitiwa katika daraja la wanyama walio karibu kabisa kutoweka duniani. Mwaka 2016 mataifa yalikutana Johannesburg katika mkutano wa mkataba uitwao CITES, wakakubali kumwandika katika orodha ya kwanza, na tangu Januari 2017 biashara ya mataifa ya mijusi hao waliotolewa mwituni ikakatazwa. Serikali ya Tanzania nayo, mwaka huo huo wa 2016, ilisimamisha usafirishaji wa wanyama hai kwenda nje.

Sasa tuulize, nani aliyefanya haya? Mtu atamwonyesha kidole yule mwenye panga, kwa sababu yeye ndiye aliyeonekana. Naye hana udhuru kamili: msitu ule ni hifadhi, na kuchukua kitu humo bila ruhusa ni kosa, ajua au asijue jina la mjusi. Walakini mtu yule hakupata kumwota mjusi wa buluu hata siku moja. Alikuwa na ada ya shule ya kulipa na paa la kuezeka. Alipewa fedha kidogo kwa kila mjusi, naye mjusi akauzwa ng'ambo kwa fedha nyingi, na katikati yao walisimama watu wengine, kila mmoja akichukua fungu lake. Ukiifuata njia hiyo hatua kwa hatua utaona jambo la ajabu. Wote walio njiani wanataka fedha. Wa mwisho peke yake ndiye amtakaye mjusi. Yeye akiondoka, njia yote huota majani. Wahenga walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini hapa chema hakikujiuza. Kiliuzwa, kikiwa hai, wala hakikuulizwa.

Nilipoyasema haya mbele ya rafiki yangu mmoja, mwalimu kama mimi, hakukubali, na hoja zake zilinipa kazi siku nyingi. Kwa hiyo naziandika kwa haki. Alisema: "Wewe wawalaumu watu wa Ulaya, na kila siku watoto wa shule yako wanampiga kinyonga mawe njiani. Nani katika kijiji chetu ajuaye kinyonga anakula nini, hutaga mayai mangapi, anahitaji joto la kiasi gani? Yule mtu wa Ulaya ajua. Huamka usiku kutazama taa yake. Akiugua, humpeleka kwa daktari. Je, aliye rafiki wa mnyama ni nani, sisi au yeye? Tena mwituni ndege atamla, na nyoka atamla. Ndani ya kioo ataishi miaka zaidi."

Hoja hii si nyepesi. Katika maarifa ametushinda kweli. Nafikiri ni aibu kwamba mtoto wa Morogoro amjua simba wa picha, na mjusi ambaye nchi yake yote duniani ni msitu ule na vipande vichache vya karibu, hamjui. Na katika huruma ya kila siku, penye jiwe mkononi, sisi tuna deni.

Lakini tazama matunda. Kwa miaka mingi watu wa kandokando ya Kimboza hawakumjali mjusi huyu hata kidogo, naye akakaa. Wapenzi wake walipotokea, katika muda usiozidi miaka 10 akawa karibu kwisha. Sisemi kwamba kutojali ni wema. Shoka la mkata mbao na moto wa mkulima navyo vimeula msitu, na hayo ni yetu wenyewe, hatuwezi kumbandika mgeni. Nasema tu kwamba upendo uliokuja haukuwa na hatari ndogo kuliko dharau iliyokuwako. Hapo ndipo napoona lazima tulichambue neno lenyewe, kupenda.

Mbwa humjua bwana wake. Ng'ombe huja akiitwa. Kuku, kwa ujinga wake wote, hukimbilia mkono utoao mtama. Wanyama hawa wamekaa na wanadamu maelfu ya miaka, wakabadilika kwa ajili yetu, nasi tukabadilika kwa ajili yao, na kwa lugha yetu jambo hilo huitwa kufuga. Kinyonga je? Kinyonga hataki mwenziwe karibu, seuze mtu. Akishikwa hubadilika rangi, na mgeni aliye mbele ya kioo hufurahi kuona rangi hizo. Mara nyingi ni hofu yake anayoitazama. Mjusi wa buluu hatamjua mwenye nyumba hata mwisho wa maisha yake. Kwake mwenye nyumba ni kivuli kikubwa kinachokuja pamoja na wadudu wa kula. Basi yule asemaye, "Nampenda," na apendacho hakiwezi kupokea kupendwa kwake isipokuwa kwa namna moja, nayo ni kuachwa mahali pake, huyo apenda nini hasa? Naona apenda rangi, na uchache, na ile furaha ya kusema kwamba kitu hiki kiko kwangu. Furaha hiyo siyo dhambi kubwa. Mtu akiipata katika vitambaa au stempu za barua, hakuna aumiaye. Lakini haifai kuitwa kwa jina la jambo jingine lililo bora.

Yuko na yule kobe wa mawe, ambaye aeleza jambo hili kuliko mimi. Huishi Kenya na Tanzania, na wachache wameonekana Zambia. Gamba lake ni bapa kama chapati, tena ni laini, hata ukimshika walibonyeza kwa kidole. Kobe wengine wakiona hatari huingiza kichwa ndani. Huyu hukimbia, naye ni mwepesi, akaingia katika ufa wa jabali na kujibana humo. Jike hutaga yai moja kwa mara moja. Sasa mtu amtakaye humtoaje katika ufa? Wakamataji walileta mitaimbo, hata na jeki za motokaa, wakapanua mawe na kuyapasua. Kenya ilikataza kuwapeleka nje mwaka 1981, na mataifa yote yalikubali kumtia katika orodha ya kwanza mwaka 2019. Msitu uliokatwa waweza kuota tena kama ukiachwa. Ufa wa jabali uliovunjwa hauoti. Nao mwenye kumpenda kobe huyo, akiwa nyumbani kwake mbali sana, hakuusikia mlio wa jiwe likipasuka.

Yaliyo rahisi yameishia hapa. Rafiki yangu hakusema maneno yote aliyoweza kuyasema, nami naona vema nimsaidie. Mijusi wa buluu huzaa vizuri ndani ya vioo. Leo wako wengi Ulaya ambao wao, na mama zao, na bibi zao, walizaliwa huko. Hawajauona mkadi wa Kimboza wala hawataweza kuishi wakirudishwa kwa ghafula. Mtu anunuaye mmoja wao amemkosea nani? Hakukata mti. Tena husemwa kwamba kadiri wanavyozaliwa wengi ndani, ndivyo watu watakavyopungua kuwatafuta nje.

Nimelifikiri jambo hili kwa sheria ya wafugaji, ambayo watoto wetu waijua kuliko sheria ya vitabu. Ng'ombe akiibwa akazaa kwa mwizi, ndama ni wa nani? Sijapata kumsikia mzee asemaye kwamba ndama ni wa mwizi kwa sababu alimlisha. Ndama humfuata mama yake, na mama ana mwenyewe. Kama ni hivyo, mijusi wa Kimboza waliozaliwa ng'ambo, ambao mama zao walitolewa katika hifadhi bila ruhusa, bado wana kwao, hata kama kizazi cha tano hakijui. Lakini najua pia kwamba sheria hiyo ina ukomo wake, maana ikifuatwa bila mwisho hakuna mtu duniani atakayekula nyama kwa moyo safi. Uamuzi wangu ni wa katikati, nao huenda usiwapendeze wa upande wo wote. Mwenye mjusi aliyezaliwa ndani kweli, na aweza kuonyesha hati zake, simwiti mwizi. Namwita mdeni. Fedha zilizolipwa kwa ajili ya uzuri wa Kimboza zilikwenda kila mahali isipokuwa Kimboza, na furaha aliyo nayo jioni mbele ya kioo chake ilianzia katika mti ulioangushwa. Deni la namna hiyo hulipika: yako mashamba ya kupanda mikadi, yako malipo ya walinzi wa msitu, ziko shule za vijiji vile.

Na tena liko la macho. Mjusi aliyezaliwa kwenye kioo na mjusi aliyeibwa juzi hufanana. Muuzaji akisema, "Huyu alizaliwa kwangu," mnunuzi atajuaje? Mtu akitaka sana kitu, huwa mwepesi kusadiki maneno yanayomruhusu kukipata, na hilo silioni kwa watu wa Ulaya tu. Nimeliona kwa watu wanunuao baiskeli sokoni kwetu.

Naongeza jambo moja linalonisumbua kwa sababu ya kazi yangu. Mwaka 2011 wataalamu walitangaza nyoka mpya aliyepatikana katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, mweusi na manjano, mwenye magamba yaliyosimama juu ya macho kama pembe. Kwa desturi ya elimu, atangazaye mnyama mpya hutaja mahali alipompata, ili wengine waende wakahakikishe. Wataalamu hao walipaficha mahali penyewe. Walijua kwamba wakipataja, wapenzi wa nyoka watatangulia kufika kabla ya walinzi. Mimi nimefundishwa, nami hufundisha, kwamba maarifa ni mali ya wote, na afichaye maarifa ni mchoyo. Hapa naona watu wa haki wamefanya uchoyo kwa wema, wala siwezi kuwalaumu. Lakini ni hasara. Mtoto wa kijiji kilicho karibu na nyoka huyo hawezi kuambiwa kwa kujivuna kwamba mnyama huyu ni wa kwenu, kwa sababu ya tamaa ya mtu asiyemjua, aliye ng'ambo ya bahari. Kinyume chake, mwaka 2006 wataalamu walipowatenga baadhi ya vinyonga wa Afrika katika jamii yao wenyewe, waliipa jina Kinyonga, neno letu hilihili. Jina letu limeenea dunia nzima, na mahali pao hapana budi pafichwe. Mambo haya mawili nayaona hayapatani, wala sijui yatapatanaje.

Juu ya mwisho wa ndoto hizi sina haja ya kusema mengi, maana yameonekana. Mwaka 1972 vinyonga wa pembe tatu kutoka Kenya walipelekwa Hawaii kuuzwa. Walifika wamedhoofika, mwenye duka akawaachia bustanini wapate nguvu, nao wakaenda zao. Leo wameenea visiwani humo, wakila wadudu na konokono ambao hawapatikani mahali pengine po pote. Huko Florida chatu wa Burma, walionunuliwa wakiwa wembamba kama kamba, walikua kupita mita 4, wenyewe wakachoka au wakaogopa, na wengine wakawatupa katika vinamasi vya Everglades. Wanyama wa huko wamepungua vibaya, na mwaka 2012 serikali ya Marekani ilikataza kuingiza chatu hao nchini. Hakuna aliyewatupa kwa chuki; wote walikuwa wamenunuliwa kwa mapenzi.

Mwaka jana niliwasomea wanafunzi wangu wa darasa la saba habari za Kimboza, kisha nikawauliza: kati ya mtu aliyeukata mkadi na mtu aliyelipa ng'ambo, ni nani aliyemjua mjusi zaidi? Darasa liligawanyika, nao wakabishana mpaka kengele. Wengi walisema ni mtu wa ng'ambo, kwa kuwa anayo taa na vitabu. Wengine walisema ni mkata mkadi, kwa kuwa yeye alijua mjusi yuko jani gani. Msichana mmoja wa nyuma, ambaye kwa kawaida hasemi, alisimama akauliza kama hao wawili wamepata kuonana. Nikamjibu kwamba sidhani. Akasema, "Basi, Mwalimu, yafaa waonane kwanza," akakaa kitini, na wenzake wakacheka, nami nikalifuta ubao nikiendelea na hesabu.